Historia iliyofungwa kwa kizibo

Leo tuongee pombe. Msiokunywa msikimbie. Hata mimi mwenyewe si mnywaji wa kutisha (mishahara ya waandishi wa habari mnaijua), na ninachotaka kusema hapa ni historia zaidi kuliko ulevi.

Novemba 2023, kwenye mnada wa Sotheby's mjini London, chupa moja ya wiski ya Macallan iliyotengenezwa mwaka 1926 iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 2.1. Kwa hela zetu hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 6. Chupa moja! Wiski yenyewe ilikaa kwenye pipa miaka 60, ikatiwa kwenye chupa mwaka 1986, zikapatikana chupa 40 tu. Siku ile chumba cha habari kilicheka sana. Jamaa mmoja wa dawati la michezo akaanza kupiga hesabu ya kreti za bia. Mimi nikabaki na swali langu moja: huyo aliyenunua, ataionja?

Nina sababu ya kuuliza. Pale Mlimani tulifundishwa kwamba vyanzo vya historia ni maandishi, masimulizi ya wazee, majengo, na vitu vinavyochimbwa ardhini. Hakuna mhadhiri aliyetutajia chanzo unachoweza kukinywa. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za chupa kuukuu za wiski kila nikipata nafasi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kugombana, kichwani mwangu, na watu wanaozifungia kabatini.

Kwanza tuwekane sawa juu ya jambo ambalo wengi wanalikosea. Wiski haizeeki ndani ya chupa. Umri wake ni ule iliokaa kwenye pipa la mti, maana ni mti ndio unaoipa rangi na sehemu kubwa ya ladha. Ukiinunua ina miaka 12 ukaificha uvunguni miaka 40, utakapoitoa bado ni wiski ya miaka 12. Kwa asili wiski ni ndugu yake gongo, tofauti ni kwamba huyu alipelekwa shule ya bweni. Nafaka inachachushwa, inachemshwa, mvuke unapoozwa, matone yanakingwa. Sema gongo hakuna aliyewahi kuipa nafasi ya kufikisha hata wiki mbili!

Sasa kama haizeeki, kuna nini cha kutafuta kwenye chupa ya mwaka 1960? Kuna mwaka 1960 wenyewe. Ile shayiri iliyolimwa wakati huo karibu imetoweka mashambani. Viwanda vingi vilichemsha kwa moto wa makaa ya mawe chini ya mtungi wa shaba, na baadaye vikahamia kwenye mvuke. Mvinyo wa sherry ulikuwa ukisafirishwa kutoka Hispania hadi Uingereza ndani ya mapipa, na mapipa yakishakuwa matupu watengeneza wiski waliyapata kwa bei poa. Miaka ya 1980 Hispania ikataka sherry itiwe kwenye chupa hukohuko, na mapipa yale yakakatika. Halafu kuna viwanda vilivyokufa. Mwaka 1983 peke yake Scotland ilifunga viwanda kadhaa kwa mkupuo kwa sababu wiski ilikuwa nyingi kuliko wanywaji: Port Ellen, Brora, St Magdalene, Glen Mhor. Brora ilifunguliwa tena mwaka 2021 na Port Ellen mwaka 2024, lakini St Magdalene iligeuzwa nyumba za kuishi, na Glen Mhor ya mjini Inverness ikabomolewa mwaka 1986, eneo lake likawa la maduka. Wakazi wa Dar mnaopita Posta na kukuta jengo mlilolizoea limekuwa shimo la msingi wa ghorofa, mtanielewa. Kilichobaki cha Glen Mhor ni kile kilichokuwa kimeshaingia kwenye mapipa na chupa.

Wapo walioipata historia hiyo kwa bahati na hawakuiwekea ulinzi wowote. Februari 1941, katikati ya vita, meli ya mizigo iitwayo SS Politician ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Eriskay, magharibi mwa Scotland. Ilikuwa inaelekea Jamaika na Marekani, na ndani yake mlikuwa na chupa takriban 264,000 za wiski. Hebu fikiria: visiwa vya watu maskini, vita imeifanya wiski kuwa adimu, na ghafla bahari inakuletea shehena nzima mlangoni. Wanaume walitoka usiku kwa mashua kwenda kuzoa. Inasimuliwa kwamba baadhi walivaa magauni ya wake zao, ili mafuta machafu ya meli yasichafue nguo zao na kuwaumbua mbele ya maofisa. Ofisa wa forodha, Charles McColl, aliwafuata nyumba kwa nyumba, maana ule ulikuwa mzigo usiolipiwa ushuru. Kuna waliofungwa jela. Mwishowe mabaki ya meli yakalipuliwa kwa baruti ili yeyote asiendelee kuchota. Mwaka 1947 Compton Mackenzie aliigeuza hadithi hiyo kuwa riwaya, Whisky Galore, na miaka miwili baadaye ikawa filamu.

Wanakijiji wale wameshutumiwa kwa wizi, lakini kwa kunywa wiski hakuna anayeweza kuwalaumu. Mwaka 1987 mwenyeji mmoja wa huko alipata chupa nane kwenye mabaki ya meli, akaziuza mnadani kwa pauni 4,000. Hapo ndipo unapoona mambo yalivyogeuka. Bidhaa ileile ambayo wazee wa 1941 waliificha kwenye mashimo ya sungura ili wainywe, miaka 46 baadaye imekuwa kitu cha kuwekwa kwenye kioo.

Wakusanyaji nao si wa aina moja. Kuna Muitaliano mmoja, Valentino Zagatti, aliyepoteza macho akiwa mtoto kwa kulipukiwa na bomu la kutegwa ardhini, ambaye alikusanya chupa zaidi ya 3,000. Huyo simgusi. Mtu asiyeona lebo akikusanya wiski, najua ana sababu zake. Ninaowasema ni wanaonunua chupa kama wengine wanavyonunua viwanja vya Kigamboni, kusubiri bei ipande.

Tabia hiyo imezaa balaa lake. Chupa ambayo haifunguliwi, nani atajua ndani yake kuna nini? Nyumbani kwetu, kama kwenu bila shaka, chupa ya wiski ikiisha inaoshwa na kujazwa maji ya kunywa, inakaa kwenye mlango wa friji miaka kumi. Ukienda sokoni utauziwa asali kwenye chupa ya Konyagi. Hatushangai kwa sababu tunajua chupa ni chombo tu. Matapeli wa Ulaya walilijua hilo pia: wakatafuta chupa kuukuu tupu, lebo za kale na vizibo vilivyochakaa, wakachakachua.

Mwaka 2017, mwandishi wa riwaya wa China anayeitwa Zhang Wei aliingia kwenye baa ya hoteli moja mjini St. Moritz, Uswisi, akaagiza Macallan iliyoandikwa mwaka 1878. Chupa ilikuwa haijawahi kufunguliwa. Ikafunguliwa mbele yake, akamiminiwa sentilita 2, akalipa faranga 9,999. Picha ziliposambaa, wataalamu wakaanza kutilia shaka kizibo na lebo. Hoteli ikapeleka wiski maabara Uingereza, na majibu yakaja: kwa uwezekano wa asilimia 95 ilitengenezwa kati ya 1970 na 1972, tena haikuwa hata wiski ya kimea kitupu. Asilimia 40 ilikuwa wiski ya nafaka nyingine. Meneja wa hoteli, na hapa nampa heshima yake, alipanda ndege hadi China kumrudishia mteja fedha zake.

Walijuaje mwaka? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mataifa makubwa yalikuwa yakilipua mabomu ya nyuklia ya majaribio hewani, na milipuko hiyo iliongeza sana kiasi cha kaboni 14 angani. Kila mmea ulioota baada ya hapo, shayiri ikiwemo, ulivuta kaboni hiyo, nayo ikaingia hadi kwenye wiski. Kwa hiyo wiski inayodai ni ya karne ya 19 halafu ikakutwa na alama ya mabomu, imejishtaki yenyewe. Mwaka 2018 chupa 55 za wiski adimu zilipimwa kwa njia hiyo, na 21 zikaonekana ni feki au hazikutengenezwa mwaka uliodaiwa. Hiyo ni zaidi ya moja katika kila tatu.

Si kwamba sielewi kwa nini mtu hafungui. Kuna mzee mmoja mstaafu wa serikali, baba wa rafiki yangu, anaishi Upanga. Ana chupa ya wiski ya Scotland aliyopewa mwaka 1974 na mwenzake waliyesoma naye Uingereza. Walikubaliana wataifungua pamoja siku ya kustaafu. Mwenzake akatangulia mbele ya haki kabla. Nilipomtembelea nikamwamkia, akanionyesha. Wiski ilikuwa imeshuka hadi kwenye mabega ya chupa, maana hakuna mfuniko unaoziba milele, na mvuke unatoka kidogo kidogo kila mwaka.

"Mzee, ukingoja sana itaisha yenyewe," nikamwambia.

"Mwanangu, nikiifungua leo, kesho nitabaki na nini?"

Sikuwa na jibu, na sikuthubutu kubishana na mtu wa umri wa babu yangu kuhusu marehemu wake. Akairudisha kabatini, akaisimamisha vizuri. Hilo alifanya sawasawa: chupa ya wiski huwekwa wima, kwa sababu kileo kikali kinakula kizibo. Vizibo vya zamani hukauka na kukatika vipande, ndiyo maana wanaojua kuzifungua huandaa kichujio kabla hawajagusa chupa.

Chupa ile ni ya mzee na atafanya atakavyo. Ila zile za mnadani nitaendelea kuzisema, na mfano wangu unatoka mahali ambako wiski ilitunzwa na baridi yenyewe.

Mwaka 1907 Ernest Shackleton alijiandaa kwenda Antaktika kwa meli ya Nimrod, akitaka kuwa mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Kwenye mahitaji yake aliagiza makasha 25 ya wiski ya Mackinlay's. Wakajenga kibanda cha mbao mahali paitwapo Cape Royds. Tarehe 9 Januari 1909, akiwa na wenzake watatu, njaa imewakaba, akaamua kugeuza zikiwa zimebaki kama kilomita 180 tu kufika. Wakarudi hai wote. Walipoondoka Antaktika waliacha vitu vingi, na chini ya sakafu ya kibanda wakaacha makasha ya vinywaji.

Karibu karne nzima ikapita. Watu wa shirika la New Zealand linalohifadhi vibanda hivyo waliyaona makasha yameganda kwenye barafu, na mwaka 2010 wakafanikiwa kuyatoa: matatu ya wiski, mawili ya brandi. Kasha moja la wiski likapelekwa makumbusho ya Canterbury mjini Christchurch, likayeyushwa taratibu sana. Ndani mlikuwa na chupa 11 zilizofungwa kwa karatasi na majani makavu. Wiski haikuwa imeganda, kwa kuwa kileo kinavumilia baridi ambayo maji hayawezi.

Januari 2011 chupa tatu zikarushwa kwa ndege hadi Scotland, kwa mchanganyaji mkuu wa Whyte & Mackay, Richard Paterson. Vizibo havikung'olewa. Walipitisha sindano ndefu katikati ya kizibo, wakavuta kiasi kidogo, wakapima na kuonja. Wote walitarajia wiski nzito yenye moshi mwingi, kwa kuwa vitabu vilisema wiski za zama zile ndivyo zilivyokuwa. Wakakuta kinywaji laini chenye kileo cha asilimia 47.3, moshi kidogo tu, kimekaa kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani yaliyokuwa na sherry au mvinyo. Ule moshi ulitoka kwenye udongo mweusi wa vinamasi vya visiwa vya Orkney, ambao hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Na kiwanda? Glen Mhor, kilekile kilichobomolewa mwaka 1986.

Ujuzi mwingi hivyo kuhusu kiwanda ambacho hakipo, kwa kiasi cha sindano! Paterson akatengeneza wiski mpya ya kufanana na ile, zikauzwa chupa 50,000 kwa takriban pauni 100 kila moja, na sehemu ya fedha ikaenda kutunza vibanda vya Antaktika. Zile tatu za awali zilirudishwa Antaktika mwaka 2013, kwa kuwa sheria inataka mali za kihistoria za huko zirejeshwe zilikotolewa. Ziko Cape Royds, chini ya sakafu ya kibanda, zimepungua kidogo tu.