Kitubio cha faragha

Kitubio cha faragha ni desturi ya Kikristo ya kumwungamia padri dhambi kwa siri na kupangiwa malipizi. Ilikomaa katika monasteri za Ireland karne ya 6. Kabla yake, toba ya dhambi nzito katika Kanisa la Magharibi ilifanywa hadharani, mara moja tu maishani.

Vitabu vya malipizi, kikiwemo cha mmonaki Finnian wa Ireland, vililipa kila kosa dawa yake: kufunga, kusali zaburi, hata kwenda uhamishoni. Kanuni ya kimonaki ya Columbanus, mmonaki mwingine wa Ireland (alifariki 615), ilikuwa kali mno: mmonaki aliyeshindwa kuzuia kikohozi zaburi ikianza alichapwa viboko 6.

Kitubio hicho cha faragha ndicho kinachofuatwa hadi leo katika Kanisa Katoliki, yakiwemo majimbo ya Kenya ya Bungoma (lililoanzishwa 1987) na Kitale (lililoanzishwa 1998); askofu wa kwanza wa Kitale, Maurice Crowley, ni mzaliwa wa Ireland.