Mahali Treni Ilipoanza Kusimama

Mgeni akipita Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huona malori tu. Foleni imeanzia mbali, madereva wamejilaza chini ya trela, mama wa chai anazunguka na chupa zake. Huondoka akiamini kwamba barabara ndiyo iliyouzaa mji huu. Mimi nimelelewa kwenye landhi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi. Baba yangu alikuwa kibarua wa kutunza njia, kazi yake kukaza boliti, kubadilisha mataruma na kusawazisha kokoto, na ninashikilia kwamba Malaba ni mji wa treni. Tena ni mji wa siku ile treni ilipogawanywa.

Reli ya kwanza haikutufikia. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Pamba ya Uganda ikawa inavushwa ziwani kwa meli, kisha inapakiwa upya kwenye mabehewa, na kila kupakua na kupakia kulikula siku na fedha. Ndiyo maana ikajengwa njia nyingine kutoka Nakuru. Ilikwea Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikafika Eldoret mwaka 1924, ikateremkia Turbo, Webuye na Bungoma, ikavuka Mto Malaba na kuingia Tororo. Kampala ikapata treni yake mwaka 1931.

Huo mto, unaotoka Mlima Elgon na maji yake kuishia Ziwa Kyoga, ulikuwa mpaka tayari. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa mpaka wa Uganda kule Naivasha wakausogeza huku kwetu, wakatupasua Wateso: wa Amukura na Amagoro upande huu, wa Tororo upande ule. Shangazi zetu wakawa wageni kwa sheria. Lakini treni haikujali. Kuanzia 1948 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja la reli na bandari, na behewa lililopakiwa Mombasa lingeweza kufika Kasese, ambako reli ilifika mwaka 1956, likiwa bado la shirika lilelile. Malaba ilikuwa stesheni ya kupita.

Wafanyakazi nao walihamishwa hivyohivyo. Mtu wa Tororo alipelekwa Voi, wa Tabora akaletwa huku. Kwenye landhi yetu walikuwapo Wajaluo, Wakamba, Japadhola na Wanyamwezi, na Kiswahili changu nilikipata pale bombani, tukipanga foleni ya maji na watoto wao.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika likagawanywa, Kenya na reli yake, Uganda na yake, na kila mfanyakazi akatakiwa kujua kwao ni wapi. Majirani walifunga mizigo. Mama alilia kwa wiki nzima, kwa kuwa waliokuwa wakiondoka ndio waliomsaidia kutulea.

Kuanzia hapo mabehewa yalikabidhiwa Malaba, nchi moja kwa nyingine, na kila behewa lilihitaji ukaguzi na karatasi. Karatasi zilitaka makarani na mawakala wa forodha, nao walitaka chakula na vitanda. Ilikuwa pia miaka ya magendo. Baridi kali iliyounguza kahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei duniani, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin ikavushwa usiku kupitia Chepkube, kule upande wa Mlima Elgon. Huku Malaba vijana wa baiskeli walibeba watu na mizigo kutoka geti hadi geti. Nyumba za kulala wageni zikaota. Mji ukanenepa kwa jeraha la shirika, na sisi tuliobaki tulikula humo.

Kampuni moja ilikabidhiwa reli za nchi zote mbili mwaka 2006, ikaondoka mwaka 2017. Sasa reli mpya kutoka Mombasa imefika Suswa, na Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, kujenga kipande cha Malaba hadi Kampala. Naitaka reli hiyo, hata kama treni itarudi kupita bila kusimama. Ninachoomba ni kwamba, kabla tingatinga hazijafika, mtu aende landhi za Malaba na Tororo akaandike majina ya waliotunza njia. Wapo wazee wanaoyakumbuka, na wengi wao bado wanapatikana jioni, kwenye chungu cha ajon, pombe yetu ya kienyeji.