Nguzo za Matembe ya Unyanyembe

Ndugu msomaji, sisi watu wa mwambao tukiingia nyumba ya mtu hutazama mlango wa nakshi, baraza na boriti za dari. Ni mara chache kuuliza nguzo zake zimezikwa vipi. Natukumbushane basi habari za nyumba za Unyanyembe, pale Tabora, kwani zina mafunzo.

Burton na Speke walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta wafanya biashara wa Kiarabu wamekwisha kukaa huko, nao wakapokewa kwa ukarimu na Snay bin Amir. Wageni wale wa Unguja na Omani hawakupata bara matumbawe ya kujengea, wala mikoko. Wakaishika namna ya ujenzi ya wenyeji, yaani tembe: kuta za udongo, na paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Wakalikuza, wakatia ua ndani, na mbele wakaweka baraza kama kwao.

Paa la udongo ni zito, na likinywa mvua huzidi uzito. Mzigo wote huo hubebwa na nguzo. Na adui wa nguzo katika nchi ile ni wawili, maji na mchwa. Lakini Mwenyezi Mungu ameiotesha misitu ya Tabora miti migumu, kama mninga na mkora, ambayo kiini chake mchwa hakiwezi kwa urahisi.

Fundi mwenye kujua kazi huchagua mti uliokomaa, huubambua gamba, na huchonga ile sehemu nyeupe ya nje, kwa kuwa ndiyo inayoliwa kwanza. Nguzo ya dhiraa nane huzikwa dhiraa mbili. Chini ya shimo hutiwa kokoto ili maji yapate njia. Nguzo husimamishwa kwa timazi, kisha udongo hurudishwa kidogo kidogo, kila tabaka likishindiliwa barabara. Juu hufanywa mwinuko ili mvua ikimbie, maana nguzo huoza kwanza pale inapoingia ardhini. Anayejaza shimo mara moja na kukanyaga kwa mguu huonekana hodari siku ile tu.

Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina ulisimama kwanza juu ya magogo ya mitende. Sayyidna Uthman alipoujenga upya alitia nguzo za mawe na paa la msaji. Wema wa jengo, basi, hauko katika thamani ya mti.

Na hapa yatupasa tuseme kweli. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi wao walikuwa watu huru waliokwenda kwa ujira. Lakini katika mashamba na nyumba za matajiri wa Unyanyembe walifanya kazi watumwa wengi, walioondolewa kwao kwa nguvu. Nguzo zilikuwa za mti mgumu, na ile mali iliyozisimamisha ilikuwa imechanganyika na dhulma. Mwaka 1871 vita vya Mirambo viliifunga njia ya Ujiji. Mwaka 1873 biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku Unguja. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na msafara ukakosa kazi. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922.

Leo ukienda Kwihara utaonyeshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, lililojengwa upya na kufanywa makumbusho. Mgeni husomewa jina la msafiri na la mwenye nyumba. Aliyeibeba nguzo ile begani kutoka msituni hatajwi.

Baadhi yetu ni wajukuu wa wenye nyumba, na baadhi ni wajukuu wa wabebaji, na wengi tuna damu zote mbili. Tuwasimulie watoto wetu habari zote, za mlango wa nakshi na za bega lililobeba. Na wewe unayejenga leo, mlipe fundi wako na kibarua wake haki yao kabla ya kuingia ndani.

Wallahu aalam.