Amri ya "Linda Nchi": Lugha ya Vita na Raia wa Nairobi

Serikali iendayo vitani huwa na kazi mbili: kumpiga adui na kumridhisha raia aliyebaki nyumbani. Kazi hii ya pili hufanywa kwa lugha, na katika mitaa ya mashariki ya Nairobi historia yake yaweza kufuatwa kwa maneno yenyewe.

Katika vita vya 1914–1918 Waingereza hawakujali sana kuwashawishi wapagazi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na kikosi chao, Carrier Corps, kikaacha jina la mtaa wa Kariokor. Mwaka 1939, vita vingine vilipozuka, gazeti la Baraza lilianza kutolewa Nairobi, likawapa wasomaji habari za vita kwa Kiswahili. Nguvu ilikuwa imeanza kutafuta msaada wa maneno.

Ilipofika Oktoba 2011, mkazi wa Tassia, huko Embakasi, alikuwa mpiga kura, ilibidi aelezwe. Utekaji nyara uliotajwa na serikali ulitokea pwani ya Lamu na Dadaab, mamia ya kilomita kutoka Tassia. Mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji walieleza kwamba Kenya ilikuwa ikijitetea dhidi ya Al-Shabaab, na majeshi yakaingia Somalia. Jina la Operesheni Linda Nchi likaivuta hatari hiyo hadi mlangoni.

Jina hilo lastahili kuchambuliwa. "Operesheni" si "vita", na chini ya Katiba ya 2010 Rais hawezi kutangaza vita bila idhini ya Bunge. "Linda" ni amri ya nafsi ya pili umoja: yaonekana kumwelekea askari, lakini kila asikiaye aweza kuipokea kuwa yake. "Nchi" imo ndani ya "mwananchi"; hivyo kuipinga operesheni kwaelekea kuwa ni kujitenga na wenzako. Adui hatajwi. Nyerere, alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin mnamo Novemba 1978, alimtaja adui na kuweka mbele uwezo, sababu na nia. Hoja za namna hiyo zaweza kupimwa. Amri hutiiwa au huasiwa tu.

Pengo la adui asiyetajwa halikukaa tupu. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ndani ya Kenya, msako ulioitwa Usalama Watch uliwakumba Wasomali wa Eastleigh. Maelfu walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili wahakikiwe, na Wakenya wenye asili ya Kisomali walikuwamo. Walioamriwa kuilinda nchi sasa walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wana wake.

Mchunguzi wa lugha, basi, hana budi kuliuliza kila jina la vita: aamriwaye ni nani, na nchi ni ya akina nani.