Bobini ya Singer ndani ya cherehani ya Butterfly

Wadau, ukipita mitaa ya Bariadi utawakuta mafundi nguo wamekaa barazani mwa maduka na cherehani zao nyeusi za kukanyaga kwa miguu. Nyingine zimeandikwa Butterfly, nyingine Singer. Kijana wa mjini akiziona anasema hayo ni makumbusho. Leo naomba tuangalie kitu kimoja tu kilichomo ndani yake: bobini, kile kigurudumu kidogo cha chuma kinachobeba uzi wa chini. Kina historia ndefu kuliko mnavyodhani, na historia hiyo ndiyo inayomwambia fundi anunue bobini ipi.

Tuanze na mshono wenyewe. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Sindano inashuka na uzi wa juu, uzi unafanya kitanzi chini ya kitambaa, kitanzi kinanaswa na kuzungushwa kwenye bobini, kisha nyuzi hizo mbili zinakabana katikati ya kitambaa. Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya mashine ya mshono wa namna hii mwaka 1846. Isaac Singer akaja na yake mwaka 1851. Zikafuata kesi mahakamani mpaka mwaka 1856, wakubwa wa biashara hiyo walipoamua kuunganisha hataza zao na kuwatoza wengine wote. Umoja huo ulidumu hadi 1877, hataza za msingi zilipoisha muda.

Mashine za mwanzo nyingi zilitumia chombo chenye umbo la mtumbwi kilichokwenda mbele na kurudi nyuma, na uzi wake ulikuwa kwenye kijiti chembamba kirefu. Allen Wilson, Mmarekani mwingine, alionyesha mapema miaka ya 1850 kwamba bobini ya duara inafaa zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 Singer wakatoa mashine iliyokuja kujulikana kama modeli 15. Bobini yake ni ya duara, kingo zake bapa, upana kama milimita 20 na unene kama milimita 11 na nusu. Kariri kipimo hicho, maana ndicho kilichofika Bariadi.

Kilifikaje? Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya Japani vilianza kutengeneza nakala za modeli 15 kwa wingi. Wachina nao wakafanya hivyo, na Butterfly ya Shanghai ikawa jina kubwa Afrika. Hapa kwetu miaka ya 1970 bidhaa za Kichina zilijaa madukani kwa sababu maalum: sehemu ya gharama za ndani za kujenga reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ililipwa kwa mauzo ya bidhaa kutoka China. Huko Scotland, kiwanda kikubwa cha Singer cha Clydebank kilifungwa mwaka 1980. Mwenye kipimo akafunga mlango, kipimo kikabaki!

Hapo ndipo ninapoona jambo la maana. Fundi aliyerithi Singer ya babu yake na jirani yake mwenye Butterfly mpya wanaweza kuazimana bobini. Hakuna kampuni ya mbali inayoweza kumwambia kipuri chake kimepitwa na wakati, anunue mashine nyingine. Linganisha na simu yako na chaja yake.

Na linganisha na pamba. Simiyu, mkoa ulioanzishwa rasmi mwaka 2012, ndio unaoongoza kwa kulima pamba nchini. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa marobota, na bei yake hupangwa na soko la dunia. Mkulima wa Itilima au Meatu hana sauti kwenye bei hiyo. Mwanawe aliye fundi Bariadi, angalau kwenye bobini, ana uhuru kidogo.

Ila uhuru huo una mtego. Siku hizi mashine za umeme za kiwandani nazo zimeingia mitaani, na bobini zake zina upana unaokaribiana na ule wa zamani lakini ni nyembamba, kama milimita 9. Kwa macho zinafanana. Ukiiweka kwenye Butterfly inacheza ndani ya kikasha, uzi unatoka kwa kushtuka, na chini ya kitambaa panajaa vitanzi. Iliyo nene kupita kiasi inakwama. Fundi anaanza kulaumu sindano, anakaza skrubu, anaharibu na kile kilichokuwa kizima. Mwezi Januari, wazazi wamepanga foleni ya sare za shule, hasara hiyo si ndogo.

Kwa hiyo ukitumwa dukani usiseme tu "nipe bobini". Nenda na kikasha chake na bobini ya zamani, zilinganishe unene zikiwa zimesimama kwa ubavu. Ikiwa ndani ya kikasha izunguke kwa urahisi bila kuyumba. Pitisha kidole ukingoni, maana penye kutu au mkwaruzo uzi utakatika. Na usijaze uzi ukapita kingo.

Bobini ni kitu cha bei ndogo sana mezani kwa fundi. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja kipimo chake hakijabadilika, na kwa sababu hiyo cherehani ya babu bado inamlisha mjukuu. Nawasilisha.