Mbingu, Mfalme na Twiga wa Malindi

Katika China ya kale, nguvu ya jeshi pekee haikutosha kumfanya mtu mfalme, kwa kuwa mtawala alitarajiwa pia kusema na wahenga waliokufa na kuzisoma dalili walizotuma. Wafalme wa nasaba ya Shang, waliotawala bonde la Mto Huang He hadi takriban mwaka 1046 KK, waliifanya ramli kuwa kazi ya serikali. Mpiga ramli alitoboa vishimo vidogo nyuma ya mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la tumbo la kobe, akavigusisha moto mpaka mfupa ukapasuka, kisha nyufa zikasomwa na swali likachongwa kando yake. Waliuliza juu ya mvua, mavuno na vita, na hata juu ya jino lililomuuma Mfalme Wu Ding. Mkewe, Fu Hao, alipojifungua mtoto wa kike, mfupa uliandikwa kwamba mambo hayakuwa mema. Hukumu ya ajabu, ukizingatia kwamba mama mwenyewe aliongoza majeshi vitani, na kaburi lake, lililofukuliwa Anyang mwaka 1976, lilikutwa limejaa silaha za shaba nyeusi.

Watu wa Zhou walipoipindua Shang walihitaji kuhalalisha uasi wao, wakafundisha kwamba mbingu humpa mtawala mwadilifu amri ya kutawala na kumnyang'anya aliyepotoka. Fundisho hilo lilikata kuwili, kwani kila mafuriko, ukame au kupatwa kwa jua kuliwapa wapinzani hoja dhidi ya kiti cha enzi.

Ndiyo maana mnyama kutoka pwani ya Kenya aliweza kuwa jambo la siasa China. Mfalme Yongle wa nasaba ya Ming, aliyempokonya mpwa wake ufalme mwaka 1402, alikuwa na haja kubwa ya dalili njema, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walipomfikishia twiga, watu wa jumba la kifalme walimwona kuwa ni qilin, mnyama wa hadithi anayesadikiwa kujitokeza pale tu anapotawala mfalme mwenye hekima.

Imani ya namna hiyo haikuwa ngeni huko Thika, mji wa Kenya, ambako palisimama mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu waliosali na kutoa sadaka chini yake kwa Mungu wao, Ngai. Inasimuliwa kwamba nabii Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa utawala wa wageni ungekoma siku mti huo utakapoanguka, na kwamba wakoloni waliukaza kwa chuma usianguke, hatua ambayo, kama ni kweli, inaonyesha kuwa hofu ya dalili iliwaingia hata waliodai kuidharau. Mugumo ulianguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru.

Hata hivyo, Wakikuyu hawakuiachia mbingu peke yake kazi ya kuwaondoa wakubwa. Walikuwa na ituika, sherehe ya kukabidhiana madaraka iliyofanyika kila baada ya miaka thelathini hivi, ambapo rika lililotawala lilipokea mbuzi kutoka kwa rika lililofuata, kisha likang'atuka; utaratibu ambao Shang na Zhou, waliorithishana ufalme kila mmoja ndani ya ukoo wake, hawakuwahi kuwa nao.