Kipimo Kilichotangulia Moto

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, jumba kuu la makaburi ya Kasubi jijini Kampala, walimolala makabaka wanne wa Buganda: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Mutesa II. Jumba hilo la mviringo, lenye kipenyo cha mita 31 hivi, lilijengwa mwaka 1882 kwa miti, matete na nyasi, likageuka kaburi la mfalme miaka miwili baadaye, na tangu 2001 lilikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Moto haukuhitaji saa nyingi kulimaliza. Lakini mwaka mmoja tu kabla, mnamo 2009, jumba hilo lilikuwa limepimwa kwa leza katika mradi wa CyArk, shirika la Marekani linalohifadhi vipimo vya majengo ya kale. Ubishi kuhusu chanzo cha moto ulikuwa mkali, na kwa wengine haujaisha hadi leo. Ubishi kuhusu umbo la jumba, yaani paa lilishuka kwa mwinuko gani, mlango ulikuwa na upana gani, nguzo ilisimama umbali gani kutoka nguzo nyingine, haukuwa na sababu ya kuzuka. Majibu yalikuwa yameandikwa kabla swali halijaulizwa.

Kwetu Afrika Mashariki mpima ardhi anajulikana kwa bikoni. Anaitwa majirani wanapogombea mpaka, anakuja na vyombo vyake, anatafuta jiwe lililofukiwa, anaonyesha mstari ulipo, anaondoka. Na yule aliyeshindwa humlaani. Msanifu majengo tunampa heshima nyingine, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ramani, na jengo likipendeza sifa ni zake. Hoja yangu ni kwamba kazi ambayo mpima humfanyia msanifu haitofautiani sana na ile anayowafanyia majirani wanaogombana. Anauondoa ubishi kwenye kumbukumbu na kuuweka kwenye kipimo. Historia ya fani hizi mbili, tangu mnyororo na tepu hadi leza, inasomeka vizuri zaidi ikitazamwa hivyo kuliko ikitazamwa kama hadithi ya mashine zinazozidi kuwa na kasi.

Anayestahili kutajwa mapema ni Albrecht Meydenbauer, msanifu kijana wa Prussia, aliyepewa mwaka 1858 kazi ya kupima kanisa kuu la mji wa Wetzlar. Kupima jengo refu wakati huo kulimaanisha kulipanda. Meydenbauer aliponea chupuchupu kuanguka kutoka juu, na akatoka pale na wazo kwamba picha, ikipigwa kwa kamera iliyosanifiwa vizuri kutoka mahali panapojulikana, inaweza kupimwa mezani badala ya ukuta kupimwa kwa kuparamiwa. Mwaka 1885 serikali ya Prussia ilimpa taasisi yake mjini Berlin, na kazi yake ikawa kupiga picha za vipimo za majengo muhimu kabla hayajaharibika. Hapo ndipo wazo kubwa lilipo: hakusubiri jengo liugue. Maelfu ya sahani za kioo yalikusanywa, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, miji ya Ujerumani ikiwa kifusi, waliojenga upya walizirudia.

Leza ilizaliwa mwaka 1960 katika maabara ya Theodore Maiman huko California, na haikuchukua muda mrefu wapima kuanza kuitumia kupimia masafa. Skana yenyewe ilichelewa hadi miaka ya 1990. Mmoja wa waliofungua njia ni Ben Kacyra, mhandisi aliyezaliwa Mosul nchini Iraki, ambaye kampuni yake ya Cyra ililenga kwanza viwanda na mitambo yenye msitu wa mabomba usiopimika kwa tepu. Machi 2001 Wataliban walilipua sanamu za Buddha za Bamiyan. Kacyra, ambaye mwaka huohuo kampuni yake ilinunuliwa na Leica, alianzisha CyArk mwaka 2003 kwa nia ya kupima yaliyobaki. Chombo cha kupimia mabomba kikawa chombo cha kumbukumbu.

Kinachofanyika ndani yake si muujiza. Chombo hurusha mwali, hupima umbali hadi pale unapogonga, hushika pembe ya mlalo na ya wima, kisha huandika nukta moja yenye mahali pake. Halafu hurudia, mara mamia ya maelfu kwa sekunde katika vyombo vya sasa. Zinapokusanyika tunapata wingu la nukta. Lakini wingu likiachwa peke yake linaelea. Lazima mpima asimamishe chombo sehemu nyingi, aunganishe mawingu hayo, kisha ayafunge kwenye alama za ardhini ambazo nafasi zake zinajulikana. Hapa ndipo wanaodhani kwamba skana ikipatikana mpima hahitajiki tena wanapojikwaa. Chukua mfano wa nyumbani. Ramani nyingi nchini Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, uliotokana na kazi ndefu ya kupima safu ya alama kufuata meridiani ya 30, iliyoanzia kusini mwa Afrika katika karne ya 19 na kukamilika mwaka 1954. Simu ya mkononi hutumia mfumo mwingine, ule wa satelaiti. Nukta moja ikisomwa katika mifumo hiyo miwili bila kubadilishwa, tofauti ni kama mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Msanifu anayenakili namba za simu na kuzibandika kwenye ramani ya kiwanja anaweza kujikuta amechora nyumba katika shamba la mtu mwingine kabisa, na michoro yake yote ikawa safi.

Kuna wanaosema kwamba picha na michoro ya zamani inatosha. Mji mkongwe wa Warsaw, uliobomolewa na Wajerumani mwaka 1944, ni jibu zuri kwa sababu unaunga mkono pande zote mbili. Wajenzi walitazama michoro ya rangi ya Bernardo Bellotto ya karne ya 18, lakini mchoraji yule alikuwa mchoraji: pale ambapo ukuta haukumpendeza aliurekebisha. Kilichobeba uzito ni vipimo vilivyochukuliwa na walimu na wanafunzi wa usanifu wa chuo cha ufundi cha Warsaw, vilivyofichwa wakati wa vita katika nyumba ya watawa huko Piotrków. Picha ilisema mji ulivyopendeza; kipimo kilisema ulivyokuwa. Tofauti hiyo inamhusu hata msanifu mwenyewe, kwa sababu mchoro wa msanifu hueleza jengo lililokusudiwa. Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa aliyeipima Notre-Dame ya Paris kwa leza kutoka zaidi ya vituo 50 na kukusanya nukta zaidi ya bilioni moja, aliona kwamba nguzo za ndani upande wa magharibi hazikukaa katika mstari, kana kwamba wajenzi walilazimika kukwepa kitu kilichokuwapo tayari. Mchoro ungezinyoosha. Leza haina adabu ya namna hiyo.

Tallon alifariki Novemba 2018, na kanisa likaungua tarehe 15 Aprili 2019. Kufunguliwa tena kwake Desemba 2024 kumeelezwa na wengi kama ushindi wa leza, nami nadhani hapo sifa imezidi kidogo. Paa la mbao la zama za kati, sehemu iliyoteketea kabisa, lilikuwa limepimwa kwa mkono, ubao kwa ubao, miaka michache kabla ya moto na wasanifu wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux. Fromont baadaye alikuwa miongoni mwa wasanifu wakuu wa ujenzi mpya. Mwaloni ulichongwa tena kwa shoka. Leza ilitoa ukumbi na ukuta, mkono ukatoa maungio, na seremala akatoa ujuzi. Kimoja kingekosekana, kazi ingekwama mahali fulani.

Ndiyo maana pingamizi zito zaidi linatoka Kasubi kwenyewe. Ikiwa kipimo cha 2009 kilikuwepo, kwa nini jumba lilikaa katika orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2023, miaka 13? Jibu la kweli ni kwamba wingu la nukta haliezeki nyasi. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na ujuzi wa kupanga matita na kuyafunga haukuwa juu ya paa ambapo mwali ungeufikia. Ulikuwa kwa wazee, na ilibidi vijana wafundishwe. Pete 52 zilizobeba dari zinasimama kwa koo 52 za Buganda, jambo ambalo chombo kingeweza kulihesabu lakini si kulielewa. Tena leza huona uso tu. Nguzo zilikuwa zimevishwa magome ya mti wa mutuba, na zege lililoongezwa katika ukarabati wa mwishoni mwa miaka ya 1930 halionekani kwa mwali unaogota kwenye gome. Nakubali yote hayo, na bado nasema hayapunguzi thamani ya kipimo. Yanaonyesha mpaka wake. Bila kipimo, wazee wangelazimika kukumbuka umbo na ujuzi kwa pamoja, na watu wazima wakikumbuka umbo kila mmoja hukumbuka lake.

Pwani yetu ina mifano ya pande zote. Peter Garlake, aliyesomea usanifu, alipita na tepu katika misikiti na majumba ya matumbawe na chokaa, na kitabu chake cha 1966 bado ni mahali pa kuanzia kwa kila anayetaka kujua kibla cha msikiti fulani kilichongwaje. Vipimo vyake vinaeleza hata umaskini wa mti: vyumba vya majumba ya kale ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi ukiwa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko huweza kubeba dari. Baadaye Heinz Rüther na wenzake wa mradi wa Zamani, Chuo Kikuu cha Cape Town, walileta skana Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyokuwa katika orodha ya hatari kuanzia 2004 hadi 2014 huku bahari ikila ufuko. Hapo kipimo kina kazi ya pili: kikirudiwa baada ya miaka, mawingu mawili yakilazwa moja juu ya jingine, ukuta uliosogea hujisema. Huko Unguja, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima ukaporomoka na kuua. Chokaa iliyolowa kwa miaka haianguki bila kuaga, ila huaga kwa milimita, na jicho halisomi milimita.

Wanaolalamikia gharama wana haki nusu. Skana nzuri ni ghali, lakini picha nyingi za kamera ya kawaida, zikifungwa vizuri kwenye alama za mpima, leo hutoa umbo linalokaribia lile la leza. Ni wazo la Meydenbauer lililopewa kompyuta. Kinachonisumbua mimi zaidi ni umiliki na uhai wa vipimo. Vya Kasubi viko chini ya CyArk huko California, vya Kilwa vilikusanywa na chuo cha Cape Town, na msanifu wa Kampala au Lindi akivihitaji ataomba. Sahani ya kioo ya Meydenbauer ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha unaliona kanisa. Wingu la mwaka 2009 linahitaji diski ambayo bado inazunguka, programu ambayo bado inalitambua faili, na mtu ambaye bado analipa ada ya kulihifadhi.